Wawili Uwanjani: Rekodi za Wanamichezo Wajawazito

Mlenga shabaha hodari hafyatui wakati wowote anaotaka. Husubiri nafasi fupi iliyopo kati ya pigo moja la moyo na lingine, kwa sababu pigo lenyewe linatosha kuyumbisha mtutu. Sasa mlengaji huyo awe na mimba ya miezi minane. Moyo wake unapiga mara 10 hadi 20 zaidi kwa dakika kuliko kawaida yake, damu mwilini imeongezeka kwa karibu nusu, uzito umehamia mbele, na tumboni kuna mtu wa pili asiye na habari na mashindano. Hivyo ndivyo Nur Suryani Mohd Taibi wa Malaysia alivyosimama kwenye mstari wa bunduki ya upepo ya mita 10 katika Olimpiki ya London, tarehe 28 Julai 2012.

Alifyatua risasi zake 40 akamaliza wa 34 kati ya wanawake 56. Alieleza baadaye kwamba alizungumza na mwanawe akimsihi atulie, na kwamba hata hivyo mateke yalikuja mara kadhaa. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Malaysia kufuzu Olimpiki kwa kulenga shabaha, na anatajwa sana kuwa mwanamichezo aliyeshindana Olimpiki akiwa na mimba kubwa kuliko wote. Binti yake alizaliwa Septemba mwaka huohuo.

Wanawake 22 wasio na mimba walimaliza nyuma yake. Nalisema hilo bila kuwadharau, kwani mchezo huu haujali nani kabeba nini. Nalisema kwa sababu huku kwetu mjamzito akionekana uwanjani, hata akitembea kwa kasi tu, watu wazima humsogelea kumwonya, na mwanamke huyohuyo akirudi nyumbani hukuta ndoo ya lita 20 inamngoja kisimani. Ndoo haiogopwi, mazoezi yanaogopwa. Nimezikusanya rekodi hizi kuona hofu hiyo ina msingi gani, na kadiri nilivyozipanga ndivyo nilivyoona kwamba kilichowaumiza zaidi wanawake hawa mara nyingi kilikuwa kulazimika kuficha mimba, kuliko mchezo wenyewe.

Ya zamani kuliko zote

Rekodi hizi hazikuanza juzi. Mwaka 1920, Magda Julin wa Sweden alishinda dhahabu ya kuteleza kwa madaha kwenye barafu katika Olimpiki ya Antwerp akiwa na mimba changa ya miezi mitatu hivi. Ushindi wake una kioja kingine: hakuna jaji hata mmoja aliyempa nafasi ya kwanza, ila nafasi za pili zilimwangukia nyingi kiasi cha kumpandisha juu ya wote. Mwaka 1952 kule Helsinki, Juno Stover-Irwin wa Marekani aliruka majini kutoka jukwaa la mita 10 akiwa na mimba ya zaidi ya miezi mitatu, akaondoka na shaba. Mruko huo leo daktari asingeuruhusu, na mimi nakubaliana naye: maji ukiyapiga kutoka kimo hicho yana ugumu wake. Anky van Grunsven wa Uholanzi alichukua dhahabu ya mwendo wa madaha wa farasi mjini Athens mwaka 2004, mimba ya miezi mitano, juu ya farasi wake Salinero. Farasi ni mnyama wa kuangusha watu, kwa hiyo naye simtoi kama mfano wa kuigwa. Namtaja kwa kuwa rekodi ni rekodi.

Aliyekimbia bila kujua, na sheria iliyomfuata

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Ingrid Kristiansen wa Norway. Mapema mwaka 1983 alikimbia mbio za nyika za dunia akamaliza wa 35, matokeo mabaya mno kwa mtu wa kiwango chake. Mke wa kocha wake ndiye aliyegundua kilichokuwapo: huyu binti ni mjamzito. Vipimo vikathibitisha kwamba mimba inakaribia miezi mitano. Alikuwa amefanya mazoezi yake yote makali wakati huo wote, na mwili haukumpa ishara aliyoielewa.

Mwanawe wa kiume alizaliwa Agosti 1983. Januari 1984, miezi mitano baadaye, Kristiansen alishinda marathoni ya Houston. Mwezi Mei akashinda London kwa saa 2:24:26. Aprili 1985 akarudi London akaweka rekodi ya dunia ya saa 2:21:06, na rekodi hiyo ilikaa miaka 13 bila kuguswa. Aliyekuja kuivunja ni Mkenya Tegla Loroupe, kule Rotterdam, Aprili 1998, kwa saa 2:20:47.

Mwaka huohuo wa 1985 ambapo Kristiansen alikuwa anaandika historia, chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani, ACOG, kilitoa mwongozo wake wa kwanza wa mazoezi kwa wajawazito. Ulisema mapigo ya moyo yasizidi 140 kwa dakika, na mazoezi makali yasizidi dakika 15. Hao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na ushahidi mdogo mkononi, wakachagua kuogopa. Lakini pigo 140 kwa mwanariadha ni mwendo wa kupasha misuli, na kwa mama mwingine asiyezoea ni kupanda ngazi za ghorofa tatu. Namba moja haiwezi kuwatosha wote wawili. Mwaka 1994 chama hicho kiliiondoa namba hiyo. Tatizo ni kwamba namba ikishaingia kliniki hutoka kwa shida, na hata leo wapo wahudumu wanaoitaja.

Marufuku iliyodumu muda mfupi kuliko ilivyokusudiwa

Netiboli ni mchezo wa wanawake wetu, kuanzia viwanja vya shule za msingi hadi mashindano ya mashirika ya umma, kwa hiyo kisa hiki kinatuhusu moja kwa moja. Juni 2001, chama cha netiboli cha Australia kilipiga marufuku wajawazito wote kucheza katika ligi zake. Trudy Gardner, mchezaji wa Adelaide Ravens, alikuwa na mimba ya wiki 15 na alikuwa na idhini ya daktari wake. Akawekwa nje. Akaenda mahakamani, zuio likaondolewa, na mwaka 2003 mahakama ikaamua kwamba alibaguliwa kwa sababu ya ujauzito. Alilipwa dola 6,750 za Australia.

Fedha hizo ni ndogo, lakini uamuzi ulikuwa mkubwa. Haukusema netiboli ni salama kwa kila mjamzito. Netiboli ina migongano, ina kuruka na kutua kwa mguu mmoja, na mimba inapovuka miezi mitatu mfuko wa uzazi unatoka nje ya ngome ya mifupa ya nyonga. Mwanamke mwenye akili timamu, akiwa na daktari wake, anaweza kuamua lini aache, na mara nyingi ataacha mapema. Kilichokataliwa ni chama kumwamulia kwa jumla, bila kumwona wala kumpima.

Mita 800 kwa mimba ya wiki 34

Alysia Montaño alikuwa bingwa wa Marekani wa mita 800 mara tano alipoingia uwanjani Sacramento, Juni 2014, katika mashindano ya taifa, wiki sita kabla ya siku zake za matazamio. Alikimbia kwa dakika 2:32.13, sekunde 35 nyuma ya muda wake bora, na alikuwa wa mwisho katika kundi lake. Uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Madaktari wake walikuwa wamemruhusu, kwa kuwa alikuwa anakimbia tangu kabla ya mimba na hakuacha, na kasi ile kwake ilikuwa ya wastani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2017, alirudi kwenye mashindano hayohayo akiwa na mimba nyingine ya miezi mitano na kukimbia kwa dakika 2:21.40.

Muda wa 2:32 wanaume wengi wa mtaani hawaufikii. Lakini jambo lenye maana zaidi hapo ni neno «hakuacha». Karibu kila jina katika orodha hii ni la mtu ambaye mwili wake ulikuwa umeshazoea kazi hiyo kwa miaka. Ambaye hakuwahi kukimbia asianze kukimbia kwa sababu ameshika mimba. Aanze kutembea, na kutembea kunatosha kabisa.

Na umbali mrefu kuliko wote? Oktoba 2011, mama mmoja wa kawaida, asiye mtaalamu wa mbio, alimaliza marathoni ya Chicago akiwa na mimba ya wiki 39, akikimbia kidogo na kutembea sana, kwa saa 6 na dakika 25. Uchungu ulianza, akaenda hospitali, na usiku huohuo akajifungua binti. Alikuwa ameshakimbia marathoni kadhaa kabla, na daktari alikuwa amempa ruhusa ya kukimbia na kutembea. Simshauri mtu yeyote amfuate.

Siri kubwa kuliko zote

Serena Williams aligundua ni mjamzito siku mbili kabla ya Australian Open ya Januari 2017. Mimba ilikuwa ya wiki nane hivi. Alicheza mechi saba katika joto la Melbourne bila kupoteza hata seti moja, akamfunga dada yake Venus 6-4, 6-4 katika fainali, na hilo likawa taji lake la 23 la Grand Slam, moja zaidi ya Steffi Graf. Ulimwengu ulikuja kujua baada ya miezi.

Kerri Walsh Jennings alikuwa na mimba ya wiki tano aliposhinda dhahabu yake ya tatu ya voliboli ya ufukweni mjini London 2012 akiwa na Misty May-Treanor. Nada Hafez, daktari na mchezaji wa upanga kutoka Misri, aliingia Paris 2024 na mimba ya miezi saba, akamshinda Mmarekani Elizabeth Tartakovsky 15-13 katika raundi ya kwanza, kisha akatolewa na Jeon Ha-young wa Korea Kusini. Jioni hiyo ndipo alipowaambia watu kwamba jukwaani hawakuwa wawili, walikuwa watatu. Wengi walimpongeza, wengine walimtukana. Hafez alikuwa kwenye Olimpiki yake ya tatu, na kama daktari alijua mwili wake kuliko waliomhukumu kwenye simu zao.

Kuficha katika wiki za mwanzo ni jambo la kawaida. Hata sisi hatutangazi mimba changa. Kuficha kwa woga wa kukosa mkate ni jambo lingine. Allyson Felix, mkimbiaji wa Marekani aliyekuwa ameshashinda medali tisa za Olimpiki, alishika mimba mwaka 2018 wakati mkataba wake na mdhamini, kampuni ya Nike, ukijadiliwa. Alifanya mazoezi alfajiri kukiwa bado giza ili asionekane. Katika wiki ya 32, kipimo cha kawaida cha kliniki kilionyesha ana dalili kali za awali za kifafa cha mimba. Akafanyiwa upasuaji wa dharura, na binti yake Camryn akazaliwa Novemba 2018 akiwa njiti, akalazwa wiki kadhaa kwenye chumba cha uangalizi maalumu.

Hapa pana jambo la kulisimamia. Felix alikuwa miongoni mwa wanawake wenye miili imara kuliko wote duniani, na uimara huo haukumkinga. Serena naye, baada ya kujifungua kwa upasuaji Septemba 2017, alipata bonge la damu kwenye mapafu, na alilazimika kuwasisitiza wahudumu kwamba anahitaji kipimo. Tori Bowie, aliyeshinda dhahabu ya kupokezana vijiti ya mita 100 mara nne pamoja na Felix mjini Rio 2016, alifariki mwaka 2023 nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 32 na mimba ya miezi minane. Ripoti ya uchunguzi ilitaja kifafa cha mimba kuwa mojawapo ya mambo yaliyoweza kuchangia. Mei 2019 Felix alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kueleza hatari wanazopitia wanawake weusi wa nchi hiyo wakati wa uzazi.

Mazoezi hupunguza hatari, hayaifuti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa Canada, ambao ulizaa mwongozo wa nchi hiyo wa mwaka 2019, uliona kwamba wanawake wanaofanya mazoezi wakati wa ujauzito wana uwezekano mdogo kwa takribani asilimia 40 wa kupata kisukari cha mimba, shinikizo la damu la ujauzito na dalili za awali za kifafa cha mimba. Asilimia 40 ni nyingi sana kwa kitu kisichouzwa dukani. Lakini hata anayefanya mazoezi bado anahitaji kadi yake ya kliniki, kupimwa shinikizo, na mhudumu anayemsikiliza anaposema kichwa kinauma vibaya au macho yanaona ukungu.

Medali ya kwanza ya wazi

Jodie Grinham wa Uingereza hakuficha kitu. Alizaliwa bila vidole kamili kwenye mkono wa kushoto, na hupiga upinde kwa kifaa kilichotengenezwa kwa ajili yake. Paris 2024, katika Michezo ya Paralimpiki, mimba ilikuwa ya wiki 28. Alimshinda Mwingereza mwenzake Phoebe Paterson Pine, bingwa mtetezi, na kupata shaba. Siku chache baadaye akapata dhahabu ya timu mchanganyiko pamoja na Nathan MacQueen. Anatambuliwa kuwa mwanamichezo wa kwanza kushinda medali ya Paralimpiki huku ujauzito wake ukijulikana na wote. Alikuwa amejizoeza kuvuta upinde mtoto akicheza tumboni, kwa kuwa alijua hilo litatokea siku yenyewe, na kocha na madaktari wote walikuwa na mpango mmoja. Wiki chache nyuma, kwenye Olimpiki ya mji huohuo, Yaylagul Ramazanova wa Azerbaijan, mimba ya zaidi ya miezi sita, alimtoa An Qixuan wa China kwa mshale mmoja wa mwisho uliotua kwenye kumi.

Kazi ndefu kuliko zote

Mwaka 2019 watafiti walichapisha kazi iliyowafuata wanariadha waliovuka Marekani kwa miguu mwaka 2015, marathoni sita kila wiki kwa karibu wiki 20. Walitaka kujua mwili unaweza kuchoma nishati kiasi gani kwa muda mrefu bila kujila wenyewe. Jibu likawa mara 2.5 hivi ya nishati ambayo mtu huhitaji akiwa amelala tu. Walipoiweka mimba kwenye kipimo hichohicho, walikuta mjamzito hufikia mara 2.2. Yaani kila mjamzito, awe Olimpiki au awe sokoni Kariakoo, anaishi karibu na kikomo kilekile cha hao wakimbiaji, kwa miezi na si wiki.

Mwaka 2024 watafiti wengine walikadiria jumla ya gharama ya mimba moja ya binadamu: karibu kalori 50,000. Hizo ni sawa na takribani kilo 14 za unga wa mahindi, juu ya chakula cha kawaida cha mama. Na sehemu inayobaki ndani ya mwili wa mtoto ni ndogo, kama asilimia 4. Nyingine zote hutumiwa na mama kuendesha mwili uliobeba: moyo unaosukuma damu zaidi, kondo la nyuma, pumzi za watu wawili. Ndiyo maana nakasirika nikisikia mjamzito anaambiwa hana kazi.

Kikomo kilichopimwa

Mwaka 2012 kule Norway walipimwa wanariadha sita wa kiwango cha Olimpiki wakiwa na mimba za wiki 23 hadi 29, wakikimbia kwenye mashine huku mapigo ya moyo ya watoto yakifuatiliwa. Ilimradi mama alikuwa chini ya asilimia 90 ya uwezo wa juu wa moyo wake, mtoto alikuwa salama. Alipovuka hapo, damu iendayo kwenye mfuko wa uzazi ilipungua sana na moyo wa mtoto ukaanza kupunguza kasi. Mama alipopunguza, mtoto alirejea kawaida upesi. Sita ni wachache mno kutungia sheria, ila ni kipimo cha kweli, na kinaonyesha mahali ambapo ujasiri unapaswa kusimama.

Kwa wengine wote, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020: angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa mjamzito na kwa aliyejifungua, kama hana tatizo la kumzuia. Ya wastani maana yake unaweza kuongea bila kukatika pumzi, lakini huwezi kuimba. Kutembea kwa haraka, kuogelea, baiskeli ya mazoezi isiyosogea, mazoezi ya misuli ya nyonga. Kuepuka michezo ya kupigwa au kuanguka, kupiga mbizi kwa mtungi, na kulala chali kwa muda mrefu wakati wa mazoezi baada ya miezi mitatu ya kwanza. Katika Mombasa au Dar es Salaam, jua la saa saba mchana ni adui wa kweli. Alfajiri au jioni ndiyo saa yake. Mtu wa pwani asipande Iten kufanya mazoezi makali akiwa mjamzito kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mita 2,400 za huko zinabana hewa.

Damu ikitoka, maji ya uzazi yakivuja, kifua kikiuma, kizunguzungu kikija, shavu la mguu likivimba na kuuma, au tumbo likianza kubana kwa vipindi, mazoezi yanakoma hapohapo na safari ni ya kituo cha afya. Mwenye kondo lililoziba njia baada ya wiki ya 26, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na mwenye dalili za kifafa cha mimba, hao wapumzike. Na katika nchi zetu za malaria, upungufu wa damu si jambo la vitabuni. Kipimo cha damu kitangulie raba za mazoezi.

Waliorudi na rekodi mkononi

Hapa ndipo Wakenya wanapotawala, na naomba nafasi. Catherine Ndereba alijifungua mwaka 1997. Oktoba 2001, mjini Chicago, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2:18:47, wiki moja tu baada ya Mjapani Naoko Takahashi kuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2:20. Vivian Cheruiyot alijifungua Oktoba 2013, akarudi kuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 2015, na Rio 2016 akaweka rekodi ya Olimpiki ya mita 5,000 kwa dakika 14:26.17. Peres Jepchirchir alipata binti mwaka 2017. Tangu hapo amekuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni za Olimpiki, New York na Boston, na mwaka 2024 aliweka London rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao, saa 2:16:16, iliyovunjwa mwaka uliofuata.

Halafu kuna Faith Kipyegon. Kabla ya uzazi alikuwa bingwa wa Olimpiki na wa dunia, na wapo walioamini kwamba ameshafika kileleni. Binti yake Alyn alizaliwa Juni 2018. Mwaka uliofuata, kule Doha, akapata medali ya fedha. Tokyo akapata dhahabu na rekodi ya Olimpiki. Mwaka 2023, katika muda wa siku hamsini hivi, alivunja rekodi tatu za dunia: mita 1,500 kwa 3:49.11 mjini Florence, mita 5,000 kwa 14:05.20 mjini Paris, na maili kwa 4:07.64 mjini Monaco. Paris 2024 akawa mtu wa kwanza kushinda mita 1,500 za Olimpiki mara tatu mfululizo. Julai 2025, mjini Eugene, akaishusha rekodi yake ya mita 1,500 hadi 3:48.68. Rekodi zake zote za dunia amezipata akiwa mama. Hakuna hata moja ya kabla.

Sayansi haijasema kwamba uzazi huongeza kasi, wala mimi sisemi. Nasema tu kwamba waliokuwa wakihesabu mimba kuwa mwisho wa mwanariadha wana deni kubwa la kulipa.

Aliyerudi mapema kuliko wengi ni Mskoti Liz McColgan: binti Novemba 1990, shaba ya mbio za nyika za dunia Machi 1991, ubingwa wa dunia wa mita 10,000 Agosti. Binti huyo, Eilish, alikua akawa mkimbiaji, na mwaka 2022 alishinda mita 10,000 za Jumuiya ya Madola mjini Birmingham akimtangulia Mkenya Irine Cheptai.

Malipo ya kwanza

Mei 2019, Montaño na kisha Felix walieleza hadharani kwenye gazeti la New York Times jinsi mikataba ya riadha ilivyowaacha wajawazito bila ulinzi. Felix alisema alikuwa ameambiwa atalipwa asilimia 70 pungufu. Agosti mwaka huo Nike ilibadilisha sera yake: kwa miezi 18, malipo ya mwanariadha mjamzito au aliyejifungua yasikatwe kwa sababu ya matokeo.

Januari 2021 FIFA ilianza kutumia kanuni ya likizo ya uzazi ya wiki 14 kwa wachezaji wa soka. Wa kwanza kushinda kesi kubwa chini ya kanuni hiyo ni Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland, aliyekuwa akichezea Lyon ya Ufaransa. Klabu iliamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000 za mishahara iliyokatwa alipokuwa mjamzito. Na mjini Paris 2024, kwa mara ya kwanza katika historia ya Olimpiki, kijiji cha wanamichezo kilikuwa na chumba cha watoto wachanga, jambo lililosukumwa na Felix mwenyewe.

Mikataba ya klabu zetu za netiboli na soka ya wanawake nataka iandikwe hivyohivyo: wiki ngapi za likizo, mshahara nani analipa, daktari gani anaamua, na namba ya jezi inamsubiri hadi lini. Mchezaji akijua hayo siku anayotia saini, siku kipimo kikionyesha mistari miwili atamwambia kocha wake asubuhi hiyohiyo.